Ukifika St. Louis, usiishie kwenye lile tao

Ndugu wakinitembelea hapa Indianapolis, mji wa kwanza wanaoutaja ni Chicago. Chicago ni mji mzuri, sikatai. Lakini wakiniachia mimi nichague, tunashika barabara ya I-70 kuelekea magharibi, mwendo wa saa nne hivi, mpaka ukingo wa mto Mississippi. Ng'ambo yake ndiko St. Louis, jimbo la Missouri. Kama nawe unapanga kwenda, ushauri wangu mkubwa ni huu: pesa yako iweke kwenye chakula, maana mengi ya kutazama wenyeji wameshakulipia.

Nasema wameshakulipia kwa sababu ndivyo ilivyo. Mwaka 1971 wapiga kura wa mji na kaunti inayouzunguka walikubali kutozwa kodi ya mali ili bustani ya wanyama na makumbusho yao yapate fedha za uhakika. Kodi hiyo inaendelea hadi leo. Ndiyo maana unaingia bure Saint Louis Zoo, bure kwenye makumbusho ya sanaa, bure kwenye makumbusho ya historia na bure kwenye kituo cha sayansi, hata kama umeshuka kwenye ndege asubuhi ile kutoka Dar es Salaam. Utakacholipia ni maegesho baadhi ya sehemu, na maonyesho maalumu. Kwa familia ya watu sita, hiyo si nafuu ndogo.

Sehemu zote hizo nne ziko Forest Park au pembeni yake. Hifadhi hiyo ina zaidi ya hekta 500, kubwa kuliko Central Park ya New York, kwa hiyo itengee siku nzima. Anzia juu kilimani kwenye makumbusho ya sanaa. Jengo lake la mawe ni mabaki ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1904, na mbele yake amesimama Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa juu ya farasi, yule ambaye mji umepewa jina lake.

Hapo nakuomba utulie kidogo, kwa sababu maonyesho yale yanatuhusu. Kati ya watu walioletwa mwaka ule kutoka pande mbalimbali za dunia ili watazamwe kama vitu, alikuwamo kijana kutoka Kongo aitwaye Ota Benga. Miaka miwili baadaye, New York, alifungiwa kwenye banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx. Alijiua mwaka 1916. Na mwaka huohuo wa 1904, Olimpiki ilifanyika St. Louis, na Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliokuwa wameletwa kwenye maonyesho hayohayo, walikimbia marathoni. Taunyane alimaliza wa 9, Mashiani wa 12. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kushindana kwenye Olimpiki. Kila ninapoona bendera ya Kenya au Ethiopia ikipandishwa baada ya marathoni, nawakumbuka hao wawili. Makumbusho ya historia, Missouri History Museum, yana sehemu maalumu ya maonyesho ya 1904. Ukiwa na watoto, waeleze habari hii kabla hamjaingia, wasije wakaona picha za majumba meupe tu wakadhani ilikuwa sherehe.

Sasa lile tao. Gateway Arch lina urefu wa mita 192, na upana wa chini, mguu hadi mguu, ni huohuo. Limevikwa chuma cha pua, likakamilika mwaka 1965, miaka minne baada ya kufariki msanifu wake, Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland. Ukitazama kwa nje hulipi kitu, na makumbusho yaliyo chini yake ni bure pia. Kupanda juu ndiko kunakolipiwa. Mnaketi watu watano ndani ya kibanda kidogo chenye mlango mfupi, mnapelekwa juu kwa dakika nne. Mwenye hofu ya sehemu finyu, au mzee mwenye magoti yanayomsumbua, abaki chini bila kuona haya. Wengine kateni tiketi mapema kwenye mtandao, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, na mfike kabla ya muda kwa sababu kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege.

Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi Old Courthouse, mahakama ya zamani. Humo ndimo Dred Scott na mkewe Harriet walimodai uhuru wao kutoka utumwani, kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa dhidi yao mwaka 1857. Sanamu yao iko nje, mume na mke wameshikana mikono. Watu wengi wanaipita wakikimbilia tao, na inaniuma.

Tuje kwenye chakula. Utakachosikia kwanza ni "toasted ravioli", ambazo kwa kweli zimekaangwa kwenye mafuta. Ni kama sambusa ndogo za mraba, zimejazwa nyama ya kusaga, zimepakwa chenga za mkate, zinaliwa kwa kuchovya kwenye mchuzi wa nyanya. Kazile mtaa wa The Hill, mtaa wa Waitaliano. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza, kwa sababu baadhi ya migahawa huchanganya nyama. Piza yao nayo ina ukoko mwembamba unaovunjika kama biskuti, hukatwa vipande vya mraba, na juu ina jibini ya Provel inayonata. Mimi jibini hiyo haijanikaa mdomoni. Wenyeji wanaiapia, kwa hiyo jaribu uamue mwenyewe.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote anayependa nyama choma, St. Louis ina jambo ambalo miji mingi ya ukanda huu haina. Miaka ya 1990, vita ilipoivuruga Bosnia, maelfu ya wakimbizi walipelekwa hapo, wakakaa upande wa kusini, mtaa wa Bevo Mill. Tafuta mgahawa wa Kibosnia, agiza ćevapi: vidole vya nyama ya ng'ombe ya kusaga vilivyochomwa kwenye makaa, ndani ya mkate laini wa moto, na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa. Ongeza kachumbari kama wanayo. Sehemu nyingi nyama ni halali, lakini uliza. Hicho ndicho chakula ninachokiota nikiwa nyumbani Indianapolis, kuliko hata mbavu za nguruwe zilizoipa St. Louis sifa. Wanaokula mbavu wawahi mchana, maana migahawa mingi ya nyama ya moshi hufunga nyama ikiisha. Humo pia kuna kidari cha ng'ombe na bata mzinga.

Jioni nenda Ted Drewes, barabara ya Chippewa, iliyokuwa sehemu ya Route 66, ile barabara kuu maarufu ya zamani. Wanauza aiskrimu ya kiini cha yai, nzito kiasi kwamba muuzaji hukigeuza kikombe juu chini mbele yako na haimwagiki. Hakuna meza ndani, watu wote husimama nje wakila. Katikati ya majira ya baridi hufunga, kwa hiyo angalia kwanza. Asubuhi yake, chai ya rangi bila sukari na kipande cha "gooey butter cake". Sukari yote iko kwenye keki.

Kumbuka bei ya kwenye menyu haina kodi, na mhudumu wa mezani anategemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Hesabu hilo kabla ya kuagiza.

Kama una gari, simama Cahokia Mounds, upande wa Illinois, kabla ya kuvuka mto. Karne ya 11 na 12, enzi ambazo Kilwa Kisiwani ilikuwa ikiinuka kwa biashara ya bahari, hapo palikuwa na mji wa maelfu ya watu wa asili ya Amerika. Kilima chao kikubwa kina kimo cha mita 30 hivi, na udongo wote ulibebwa kwa vikapu. UNESCO iliiandika Kilwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Cahokia mwaka 1982. Panda ngazi hadi juu, utaona tao la St. Louis kwa mbali.

Watoto wapeleke City Museum, ghala la zamani la viatu lililogeuzwa mahali pa kupanda na kuteleza. Kiingilio kipo, wavae suruali ndefu.

Majira ya joto jasho litakutoka kama uko Tanga mwezi wa pili. Oktoba ndiyo nzuri. Asiye na gari apande MetroLink, treni inayotoka uwanja wa ndege hadi Forest Park na katikati ya mji. Makumbusho ya sanaa hufungwa Jumatatu, kwa hiyo kama una siku mbili tu, anza Jumamosi, siyo Jumapili.