Sheria, hukumu na Hansard za Uganda: kipi uchukue, kipi uombe, na namna ya kupakua bila kuiangusha seva ya watu

Ndugu uliyeuliza, unataka kukusanya sheria, hukumu, Hansard (kumbukumbu za mijadala ya Bunge), ripoti za ukaguzi na taarifa za zabuni kwenye tovuti moja, ili mtu wa Mbale au Gulu azisome kwenye simu na apate muhtasari wa Kiswahili. Mmoja amekwambia kilicho mtandaoni ni cha wote. Mwingine amekwambia ni mali ya serikali na utafungwa. Wote wamechanganya mambo matatu: hakimiliki, haki ya kupata habari, na ruhusa ya kuingia kwenye mtambo wa mwenzako. Waraka unaweza kukosa hakimiliki na bado umefungiwa kabatini. Mwingine unausoma bure kwenye tovuti, lakini una mwenyewe.

Hakimiliki kwanza, maana ndiyo mliyogombania. Sheria yenyewe ni ile ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Kifungu cha 7 kinataja kazi za manufaa ya umma ambazo hazilindwi: sheria na kanuni zilizotungwa na Bunge au chombo kilichoidhinishwa, amri na hukumu za mahakama pamoja na tafsiri zake rasmi, ripoti za kamati au tume za uchunguzi zilizoundwa na serikali, na habari za siku. Kwa hiyo maneno ya Sheria ya Ardhi au hukumu ya Mahakama Kuu unayaweka kwenye tovuti yako bila kumwomba mtu. (Namba za vifungu ninazotaja hapa ni za sheria zilivyotungwa. Toleo la 7 la sheria za Uganda, lililoanza kutumika Julai 2024, limepanga upya namba nyingi, kwa hiyo tafuta kwa kichwa cha kifungu.)

Angalieni orodha hiyo haikutaja nini. Hansard haimo. Ripoti ya mwaka ya Mkaguzi Mkuu haimo pia, kwa sababu yeye si tume ya uchunguzi. Vitu vya namna hiyo vinaangukia kifungu cha 8: kazi iliyotengenezwa chini ya maelekezo ya Serikali, hakimiliki yake ni ya Serikali. Hilo halikuzuii kunukuu hotuba ya mbunge na kutaja tarehe yake, wala kuchukua tarakimu za ukaguzi ukazipanga upya kwenye jedwali lako, maana sheria hailindi wazo wala taarifa tupu, inalinda namna ilivyoandikwa. Ila kunakili Hansard ya miaka 10 nzima nzima, andikia kwanza ofisi ya Karani wa Bunge, na jibu litunze. Mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, mnayorushiana WhatsApp ni kazi yenye mwenyewe, usiiingize humu.

Tofautisheni pia maneno ya hukumu na toleo la mchapishaji. Vitabu vya ripoti za kesi vina muhtasari juu ya hukumu, maneno ya faharasa na mpangilio wa kurasa. Hilo ni jasho la mhariri. Kata vyote hivyo, bakiza hukumu. Kuna waliotaja uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2020, Georgia dhidi ya Public.Resource.Org, uliosema maelezo yaliyoambatanishwa na sheria za jimbo hayana hakimiliki. Uamuzi mzuri, lakini hauifungi mahakama ya Kampala, na kwa maneno ya sheria yenyewe huuhitaji, maana kifungu cha 7 kimeshasema.

Penye utata wa kweli ni viwango vya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kiwango kikifanywa cha lazima, mfanyabiashara anaadhibiwa kwa kukivunja, na nakala yake inauzwa. Marekani, mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Septemba 2023 kwamba kuchapisha bila faida viwango vilivyoingizwa kwenye sheria ni matumizi ya haki. Ulaya, Machi 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema umma una maslahi makubwa ya kuviona. Lakini viwango vingi vya hapa vimechukuliwa kutoka Afrika Mashariki au ISO, kwa hiyo mwenye mali si UNBS peke yake. Msipandishe faili lenyewe. Andika namba na sharti kwa maneno yako: US EAS 2, mahindi makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Hiyo ni taarifa tu, hakuna wa kukushitaki nayo.

Sasa vile ambavyo havipo mtandaoni. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 imeweka utaratibu. Neno raia lichukuliwe kwa uzito. Mwaka 2002 shirika la mazingira la Greenwatch liliomba mkataba wa kununua umeme wa mradi wa Bujagali. Mahakama Kuu ikakubali kwamba ni waraka wa umma, lakini shauri likaanguka kwa sababu shirika halikuthibitisha uraia wake. Kwa hiyo ombi litoke kwa mtu mmoja mwenye kitambulisho cha taifa, hata kama kazi ni ya kikundi.

Jaza fomu iliyo kwenye jedwali la Kanuni za 2011 za sheria hiyo, ipeleke kwa afisa habari wa taasisi, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo. Ada ya ombi ni shilingi 20,000, na juu yake unaweza kudaiwa gharama halisi ya kutafuta na kunakili, si zaidi. Ofisi inaweza kujiongezea siku 21 nyingine kwa kukuarifu. Wakikaa kimya muda ukaisha, kisheria wamekukatalia, na njia ni malalamiko kwa Hakimu Mkuu, kisha Mahakama Kuu. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema ombi lake kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika na kumpa nakala.

Maombi mengi yanaanguka kwa sababu ya namna yalivyoandikwa. "Naomba taarifa zote za barabara" ni mwaliko wa kukataliwa. Taja mkataba, mwaka wa fedha, wilaya, na aina ya karatasi: cheti cha malipo, ripoti ya mhandisi, kumbukumbu za kikao cha kamati ya zabuni. Usieleze sababu, sheria inasema sababu yako haihusu. Ukiogopa watakwambia kuna siri za biashara ndani, taja mapema kifungu cha 19: penye siri pafunikwe, mengine yatoke. Kumbukumbu za Baraza la Mawaziri na za kesi ambazo hazijaisha ziko nje ya sheria hii, usipoteze 20,000 yako. Penye mkataba wenye kipengele cha usiri, mlima ni mrefu: waandishi Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama waliomba mikataba ya mafuta, na mwaka 2010 mahakama ya Nakawa ikawakatalia.

Kabla ya kuomba, hakikisha kitu hakipo tayari. Sheria na hukumu ziko ULII, maktaba ya sheria za Uganda ya mtandaoni. Zabuni ziko kwenye tovuti ya PPDA, mamlaka ya manunuzi ya umma, bajeti kwenye tovuti ya bajeti ya Wizara ya Fedha. Na ULII msiikwangue kwa roboti. Waandikie, au tumia mlango wa programu (API) wa Laws.Africa, shirika linaloweka sheria za Afrika mtandaoni, ambao unatoa sheria katika muundo wa Akoma Ntoso, kila kifungu na anwani yake. Kufuta lebo zisizohitajika ni rahisi kuliko kujenga upya vifungu kutoka PDF.

Kwa tovuti nyingine za serikali, wget, programu ya kupakua kwa amri, inatosha:

wget -r -l 3 -A pdf -N --wait=5 --random-wait --limit-rate=200k --user-agent="mkusanyaji; barua pepe yako hapa" ANWANI

Watu huongeza -np kwa mazoea, halafu wanashangaa kupata faili 4. Tovuti nyingi za .go.ug zimejengwa kwa WordPress au Drupal: ukurasa uko /publications/, PDF ziko /wp-content/uploads/ au /sites/default/files/, na -np inazuia kutoka nje ya saraka uliyoanzia. Iondoe. Ikiwa orodha inafunguka kwa kitufe cha JavaScript, wget haitaiona hata kidogo. Fungua kivinjari, angalia kwenye zana za mtandao ombi linakwenda anwani gani, na uombe anwani hiyo moja kwa moja. Ukitaka kuhifadhi kwa --warc-file, ambao ndio muundo wa makumbusho ya wavuti, jua kwamba -N (kupakua zilizobadilika tu) na -c (kuendeleza upakuaji uliokatika) hazifanyi kazi pamoja nayo.

Seva ikijibu 429 (umeomba mno) au 503 (imelemewa), simama, soma kichwa cha Retry-After, ngoja. Sekunde 5 kati ya maombi si heshima tu. Seva nyingine zinahudumia wilaya nzima, na ukizifungulia nyuzi 20 (maombi 20 kwa mpigo) utamfungia mlango mtu anayetafuta fomu. Fuata robots.txt, faili la tovuti linaloziambia roboti zisiingie wapi, ingawa haina nguvu ya sheria. Lakini penye nenosiri, au penye kubahatisha namba kwenye kiungo ili kufungua rekodi ya mtu mwingine, acha kabisa: hapo umetoka kwenye hakimiliki na kuingia kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, na kwamba mlango haukuwa na komeo si utetezi.

Ukishapakua, usiamini jina la faili. Seva nyingi hukosea na kutuma ukurasa wa kosa kwa alama ya 200 (yaani "sawa"), nawe unabaki na HTML iliyovaa jina la .pdf. Angalia baiti za mwanzo: PDF ya kweli inaanza na %PDF. Kisha piga sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, kwa kila faili, andika alama hiyo pamoja na kiungo na tarehe. Wizara zikibadilisha tovuti viungo hufa vyote kwa pamoja, na wakati mwingine faili hubadilishwa kimya kimya chini ya jina lile lile. Kwa hiyo kila kiungo kipeleke pia Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za wavuti, siku hiyo hiyo.

Kazi ngumu inaanza hapa: nyingi ni picha za karatasi. Endesha pdftotext faili.pdf - (amri ya kutoa maandishi kwenye PDF) na ukiona patupu, ni skani, nayo inahitaji OCR, yaani kompyuta isome herufi kwenye picha. Basi:

ocrmypdf -l eng+swa --deskew --rotate-pages --skip-text chanzo.pdf safi.pdf

Ukiacha --skip-text, itagoma ikikuta ukurasa mmoja wenye maandishi. Kama skani ina maandishi mabovu yaliyofichwa chini yake na mashine ya ofisini, tumia --redo-ocr, lakini uiondoe --deskew (ya kunyoosha ukurasa), haziendi pamoja. Kiganda hakina faili lake katika Tesseract, programu ya kusoma herufi ambayo ocrmypdf inaitumia. Tumia modeli ya herufi za Kilatini na ukague ŋ kwa macho. Ukiskani mwenyewe kwenye duka la fotokopi Wandegeya au Nasser Road, dai 300 dpi (nukta kwa inchi), rangi ya kijivu. Wakikuwekea 150 ili faili liwe dogo, nukta za desimali zitapotea.

Kwenye tarakimu, ogopa JBIG2, njia ya kupunguza ukubwa wa skani, katika aina yake inayopoteza taarifa. Mwaka 2013 iligundulika mashine za Xerox zilikuwa zinageuza 6 kuwa 8 kwenye skani, bila ukungu wala dalili yoyote, kwa sababu programu ilibadilisha herufi moja kwa nyingine inayofanana nayo. Kwa bajeti na zabuni, jumlisha kila safu na ulinganishe na jumla iliyochapwa. Isipolingana, rudi kwenye picha, na picha usiifute kamwe.

Kwa wasomaji: bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na PDF ya megabaiti 60 ni pesa. Weka maandishi kama ukurasa wa HTML wa kilobaiti chache, PDF iwe kiungo chenye ukubwa ulioandikwa pembeni.

Kukosa hakimiliki hakuondoi faragha. Kesi za watoto, majina ya waathirika wa ubakaji, namba za vitambulisho na za simu kwenye orodha za wanufaika, vyote hivyo viondoe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Kuchora kisanduku cheusi juu ya PDF hakufuti kitu. Maandishi yako chini na mtu atayanakili. Geuza ukurasa kuwa picha kwanza, funika, halafu usome upya kwa OCR. Na hukumu zisitokee mtu akitafuta jina la jirani yake: tuma kichwa cha X-Robots-Tag: noindex (kinachoiambia injini ya utafutaji isiorodheshe ukurasa), wala usizizuie hapo hapo kwenye robots.txt, kwa sababu roboti iliyozuiwa haiwezi kuisoma hiyo noindex na kiungo kitaendelea kuonekana.

Tafsiri za Kiswahili ni zako, na zina hakimiliki yako, maana si tafsiri rasmi. Ukitaka wengine wazitumie, ziwekee waziwazi leseni ya CC BY 4.0 (yeyote atumie mradi akutaje), vinginevyo umewafungia. Juu ya kila ukurasa andika sheria imesomwa kutoka toleo gani na hadi tarehe gani, na kwamba Kiingereza ndicho kinachosimama mahakamani. Sheria iliyorekebishwa ikabaki kwenye tovuti yako bila tarehe inamdhuru msomaji kuliko isingekuwepo.