Maswali ya Wasomaji: Jiji Limefika Mlangoni pa Boma

SWALI: Mshauri wetu, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni msichana wa Kimaasai mwenye umri wa miaka 24. Nilizaliwa Kitengela, mji ulio kusini mwa Nairobi, na sasa ninafanya kazi Nairobi. Tuko vijana tisa ambao tumeunda kikundi cha kutetea malisho yaliyobaki pamoja na njia inayopitwa na mifugo yetu kwenda kunywa maji, kwa kuwa kila mwezi tunakuta ua mpya umejengwa. Tulipozungumza barazani, mzee mmoja alituuliza kwa Kimaasai tuna ng'ombe wangapi, na watu wakacheka. Tulipoalikwa kwenye mkutano wa mashirika jijini, tuliombwa tuvae shuka na shanga, tukapigwa picha, lakini hatukupewa nafasi ya kusema hata neno moja. Nyumbani sisi ni watu wa mjini, na mjini sisi ni mapambo. Je, tuna haki ya kumsemea nani?

JIBU: Binti yangu, nitaanza na swali la yule mzee, kwa sababu naona mlilipokea kama tusi ilhali lilikuwa swali halali. Mfugaji anapokuuliza idadi ya ng'ombe wako, anataka kujua utapoteza nini mambo yakiharibika. Rudini mumjibu. Mwelezeni kwamba mnachokipoteza ni mahali pa kurudi, na kwamba ninyi ndio mtakaoishi na nyua zile miaka hamsini ijayo, wakati yeye atakuwa amelala ardhini.

Kuhusu haki ya kusema, sioni kwa nini muwe na shaka. Hata jina la Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Kwa mkataba wa mwaka 1904 na Waingereza, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, na kwa ule wa 1911 wakaondolewa Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya mataifa mawili, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka ya kuiamua. Mwezi Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka mia moja, Wamaasai waliandamana Nairobi kudai ardhi yao na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Kwa hiyo harakati za Wamaasai katika jiji hilo si jambo mlilolianzisha ninyi, wala hamhitaji ruhusa ya mtu kuziendeleza.

Hata hivyo, ardhi ya Kitengela ina kisa chake, na ni lazima mkijue vizuri kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Sheria ya mwaka 1968 iliwezesha kuundwa kwa ranchi za vikundi, yaani ardhi ya malisho inayomilikiwa na wanachama kwa pamoja, na ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Wengi waliamini kwamba hati ingewalinda na kuwapa mikopo. Kilichofuata ni kwamba ardhi ambayo hapo awali isingeweza kuuzwa bila wote kukaa pamoja, sasa iliweza kuuzwa na baba mmoja aliyebanwa na karo au ugonjwa. Ndiyo maana sehemu ya mapambano yenu imo ndani ya nyumba zenu wenyewe, na hilo ni gumu zaidi kuliko kupaza sauti dhidi ya mgeni.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima nje ya kikao cha bodi ya ardhi, nikiwa nimemsindikiza jirani. Kwenye benchi palikuwa na mzee aliyekuwa ameitia hati yake ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, ameikunja mara nne, na pembeni yake dalali akimnong'oneza. Mkewe alipoitwa na kuulizwa kama amekubali, alimtazama dalali kwanza, kisha mumewe, ndipo akasema ndiyo. Shughuli nzima haikuchukua dakika tano. Nimeukumbuka mtazamo ule kwa miaka mingi. Ardhi ya kilimo ikiuzwa bila kibali cha bodi hiyo, mauzo hayana nguvu kisheria. Maana yake ni kwamba pale ndipo mahali ambapo familia bado inaweza kusema hapana, na kijana aliyesoma, akikaa kwenye benchi lile pamoja na mama yake na kumweleza mapema kile anachoulizwa, atafanya kazi kubwa kuliko mabango mengi.

Sasa kuhusu njia ya mifugo. Ningewashauri myaache mengine yote kwa muda mshike hilo moja. Ombeni kwa maandishi ramani na rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ya mji wenu, mtazame kama njia ile imechorwa au imefutwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haitozi ada ya kuliwasilisha, na inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Mkipata ramani, msiipeleke kwenye mitandao kwanza. Ipelekeni bomani, muitandaze chini, na muwaulize wazee kwa Kimaasai mifugo ilipita wapi mwaka wa ukame na wapi mwaka wa mvua. Mtakayoyaandika siku hiyo ndiyo yatakayojaza ombi lenu rasmi kwa bunge la kaunti, ambalo kila mtu anaruhusiwa kuliwasilisha kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Ikibidi kuandamana, mkuu wa kituo cha polisi hupewa taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

Na shuka? Ivaeni mnapotaka. Ila mkialikwa tena, ulizeni kwa barua mtazungumza saa ngapi na kwa dakika ngapi, na msipojibiwa, msiende.

SWALI: Mimi ni Mogiek, wa jamii ya msitu wa Mau, ninasoma chuoni Nakuru. Wenzangu wanasema kesi yetu ya ardhi ilikwisha kwa ushindi, lakini jamaa zangu msituni bado wanabomolewa nyumba. Sisi tulio mjini tutasaidia nini?

JIBU: Kijana wangu, wenzako wamesema nusu ya ukweli. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek zilikiukwa, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya 157,850,000 na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Mwezi Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa nyumba tena katika msitu wa Mau. Hukumu ipo, utekelezaji ndio unaosuasua, na inaniuma kuliandika hilo.

Upimaji utakapofanyika, utahitaji ushahidi wa mipaka, na mipaka ya Waogiek haikuchorwa na serikali. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake la msitu, na mizinga ya nyuki ilitundikwa kwa kufuata maua yanavyochanua kutoka mabondeni kwenda juu milimani. Ninyi mna simu zinazoweza kuweka alama za mahali na kurekodi sauti, na Nakuru, ambayo ilipata hadhi ya jiji mwaka 2021, ina intaneti na maktaba. Tembeeni na wazee msituni, mwandike jina la kila kijito, kila mti wa mizinga na ukoo wake, mtunze nakala mbili mahali tofauti. Anza likizo hii, na anza na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote.