Mleta mada, kabla hujaitupa hiyo laki tano, weka kiti kwanza

Simama hapo hapo. Umesema una laki tano ya kupamba balkoni iwe pa kutulia. Eti Jumamosi unapitia kwa wauza miche wa barabarani, unabeba maua ya vayoleti za Usambara kumi, vyungu vya kauri, taa za kuning'iniza na picha ya Tingatinga, halafu Jumapili unakunywa chai balkoni umetulia tuli. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Chai nilikunywa. Utulivu sikuuona.

Nilinunua vyungu 14, kila kimoja 15,000. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikiipiga kichwa kinauma. Muuzaji akaniambia macho makavu: "Bosi, hizi vayoleti ni za jua, we mwagilia asubuhi na jioni." Yule jamaa nikikutana naye! Ua ambalo kwao ni kwenye majabali ya msituni Usambara, kivulini, kwenye ubaridi na unyevu, huko ndiko yule ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul alikolikuta miaka ya 1890, leo mimi naambiwa ni la jua. La jua la Dar!

Balkoni yangu inatazama magharibi. Ikifika saa tisa alasiri vigae vinachoma unyayo. Na vile vyungu, vizuri kweli, kumbe chini havina hata tundu. Kwa hiyo juu majani yanababuka, chini mizizi inachemka kwenye maji yangu ya asubuhi na jioni. Siku ya tisa nikashika jani, likang'oka na kikonyo chake, limelegea kama mchicha uliolala sufuriani. Harufu yake sasa! Jirani akaniuliza kama nimeanza kufuga bata. Mke wangu mpaka leo balkoni anaiita makaburini, na mlinzi wa makaburi ni mimi.

Sikiliza basi. Usinunue kitu. Toa kiti cha plastiki, kaa nacho wiki mbili: alfajiri, mchana, alasiri, usiku. Angalia jua linafika wapi na saa ngapi, kelele za bodaboda zinatokea upande gani, upepo unaingilia wapi. Mimi nilipokaa ndipo nikagundua pa kutulia kwangu si balkoni kabisa, ni dirisha la jikoni la mashariki, linalotazama mwarobaini wa jirani. Bure! Ndege wadogo wanakuja pale asubuhi, naosha kikombe kimoja dakika kumi.

Vayoleti ninayo moja tu, ipo hapo dirishani. Chungu kina tundu. Maji naweka kwenye kisahani, inanyonya kwa chini nusu saa, yanayobaki namwaga. Majani yake yana vinyweleo, siyalowanishi.

Picha ile ya Tingatinga ina rangi ya kung'aa, jua la alasiri likiipiga huoni twiga wala chui, unaona mwako tu. Kiti unacho?