DAP naweka kila msimu, mahindi bado yanageuka zambarau

SWALI: Mhariri habari. Shamba langu ni mfinyanzi mwekundu, DAP naweka kila msimu kwa kuimwaga shamba zima kisha nalima, lakini mahindi yakifika magotini majani ya chini yanakuwa zambarau na mmea unadumaa. Jirani yangu ana udongo mweusi, anaweka nusu ya yangu na anavuna vizuri tu. Nimeuziwa mbolea feki?

JIBU: Sidhani, mbolea yaweza kuwa nzima kabisa ila udongo wako ndo umeikalia. DAP ina naitrojeni na fosfeti, yaani fosforasi ambayo mmea unaila, na huo zambarau ni dalili kwamba fosfeti haiufikii mmea. Huo wekundu ni kutu, yaani oksidi za chuma, na mara nyingi ziko pamoja na za alumini, na hizi zikikutana na fosfeti zinaidaka na kuing'ang'ania, na kwa vile punje za mfinyanzi ni ndogo mno basi sehemu ya kudakia ni kubwa ajabu. Kichanga hakina nguvu hiyo, shida yake ni mvua kuondoka na mbolea.

Halafu kuna tindikali. pH ndiyo kipimo chake, ikiwa ndogo tindikali ni nyingi. Ikishuka chini ya 5.5 alumini inayeyuka na kuifunga fosfeti, ikipanda sana juu ya 7 kalsiamu nayo inafanya hivohivo, kwa hiyo raha ya mmea ni kati ya 6 na 7. Na DAP yenyewe ukiitumia miaka mingi inazidisha tindikali, hili wauzaji hawalisemi.

Weusi wa jirani kama ni mboji basi unamsaidia, maana asidi za mboji zinawahi kukaa palepale ambapo fosfeti ingenasa. Ila rangi isikudanganye! Udongo wa majivu ya volkano unaweza kuwa mweusi tii, mboji kibao, na bado ukashika fosfeti kuliko huo wako.

Acha kumwaga shamba zima, hapo unaulisha udongo. Fosfeti inasogea milimita chache tu kutoka ilipoangukia, so weka kwenye shimo, funika na udongo kidogo ndo mbegu ije juu, zisigusane maana DAP inaunguza. Changanya na samadi iliyoiva. Pima pH kwanza, ikiwa chini weka chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, usiichanganye na DAP siku moja, utasikia harufu kali puani, hiyo ni naitrojeni yako inapotelea hewani.