Usiiamini geji ya tangi la choo

Safari yetu ya kwanza ya gari-nyumba hapa Marekani ilitupeleka South Dakota, kutazama vilima vya Badlands. Jioni ya siku ya pili mwanangu aliita kutoka bafuni, sabuni bado kichwani: "Baba, maji yanarudi!" Nikachungulia. Maji ya kijivu yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafuni, na juu yake zinaelea punje za wali tuliokula mchana. Geji ukutani ilisema tangi la maji machafu ya bafu na jikoni limefika theluthi moja tu.

Geji ya tangi la choo nayo ilikuwa na uongo wake. Hata dakika tano baada ya kumwaga kila kitu, taa ilisema theluthi mbili.

Fundi ndiye aliyenifungua macho. Katika magari mengi ya huku, vihisi vya tangi ni skrubu ndogo za chuma zilizopenya ukuta wa tangi: moja kwenye theluthi, nyingine kwenye theluthi mbili, nyingine juu. Maji yakizifikia, umeme mdogo hupita na taa huwaka. Sasa karatasi ya chooni ikinata pale, au utando wa mafuta ya vyombo, umeme unapita hata tangi likiwa tupu. Na waya ukiota kutu upande wa nje, taa haiwaki hata tangi likifurika. Kwetu yalikuwepo yote mawili.

Waya nilisafisha kutu nikaukaza, ikaisha. Tangi la choo lilihitaji subira zaidi. Baada ya kulimwaga nililijaza maji ya uvuguvugu karibu nusu, nikatia sabuni ya vyombo kidogo, nikaliacha usiku kucha. Asubuhi tukaendesha kwenda kituo kingine, maji yakipigapiga kuta njia nzima, kisha nikamwaga. Mara ya tatu ndipo taa ilipozimika. Wengine husifia kumwaga mfuko wa barafu tangini kabla ya kuendesha, isugue kuta. Mimi nilijaribu na sikuona tofauti. Maji yanayochemka usitie, na dawa ya kuondoa madoa iache, inakausha mipira ya vali.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuacha vali ya kumwagia tangi la choo wazi tukiwa tumeegesha kambini. Nakusihi usifanye hivyo. Maji hutangulia kutoka, uchafu mzito unabaki ukirundikana chini ya choo mpaka unakauka kama udongo wa kichuguu. Ifunge, tumia maji mengi kila mara, na umwage tangi likiwa limekaribia kujaa ili maji yasukume kila kitu kwa pamoja. Anza na la choo, halafu la bafu na jikoni, lisafishe mpira wa kumwagia. Vaa glavu. Ukimaliza, rudishia lita chache za maji safi tangini kabla ya kuondoka.

Lakini kilichotupa amani hasa ni ndoo. Tangi letu la choo ni galoni 30, yaani kama lita 114. Likiwa tupu na safi, nilimimina ndoo za lita 10 moja moja chooni, mke wangu amesimama kwenye geji. Ndoo ya nne, taa ya kwanza. Ya nane, ya pili. Ya kumi na moja, maji nikayaona karibu na shingo ya choo, nikaacha. Tangu hapo tunajua tangi letu lina nini kwa hesabu: sisi wanne, kila mtu mara sita hivi kwa siku, lita moja na nusu kila mara, ni lita 36. Siku tatu tu. Siku ya tatu tunatafuta pa kumwagia, taa iseme itakavyo.

Vihisi vya kubandika nje ya tangi vipo, na kwa kuwa havigusi uchafu vinadumu na ukweli wake muda mrefu. Ukipata nafasi ya kuufikia ukuta wa tangi, vinastahili gharama. Hata hivyo weka tochi chooni. Kanyaga pedali inayofungua tundu la choo, mulika, tazama mwenyewe. Na ukikanyaga ukasikia choo kinacheua mapovu, usiongeze hata glasi moja ya maji. Hewa imekosa njia, tangi limejaa.