Kwa mawakili wa umma na waendesha mashtaka wapya Marekani: ujue mkopo wako kabla ya faili la kwanza

Wiki yangu ya kwanza kazini, Novemba 2009, nilikabidhiwa rundo la mafaili ya watu waliokuwa rumande na kuambiwa kesi tatu zinatajwa keshokutwa. Mafaili niliyasoma mpaka usiku wa manane. Barua ya mkopo wangu wa shule ya sheria niliitia kwenye droo bila kuifungua vizuri. Barua ile ilinigharimu miaka saba ya wasiwasi, ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu mlioapishwa karibuni. Wengi wenu mlifika nchi hii mkiwa wakimbizi au wenye makazi ya kudumu, mkasoma kwa mikopo ya serikali kuu kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kuwalipia. Sasa mmechagua kuwatetea wasio na pesa ya wakili, au kuendesha mashtaka kwa niaba ya umma, kwa mshahara ambao wenzenu wa makampuni makubwa wanautumia kulipia kodi ya nyumba tu. Mmechagua vema. Ila msiache deni liwafukuze kwenye kazi hiyo.

Msaada mkubwa kuliko yote ni msamaha wa mkopo kwa watumishi wa umma, unaojulikana kwa herufi PSLF. Uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifanya kazi kwa mwajiri anayestahili, saa 30 kwa wiki au zaidi, na ukakamilisha marejesho 120 ya kila mwezi, deni linalobaki linafutwa, na serikali kuu haikutozi kodi ya mapato kwa kilichofutwa. Marejesho hayo si lazima yafuatane. Ukitoka ukarudi, hesabu inaendelea pale ulipoiachia.

Sharti lililoniangusha mimi ni aina ya mkopo. PSLF inakubali mikopo ya Direct peke yake, ile inayotoka moja kwa moja Wizara ya Elimu. Mimi nilikopa kati ya 2006 na 2009 kupitia mpango wa zamani wa FFEL, ambapo benki ndiyo iliyotoa fedha na serikali ikadhamini tu. Riba ilikuwa asilimia 6.8 kwa mkopo mmoja na 8.5 kwa mwingine. Nililipa kila mwezi kulingana na kipato, sikuchelewa hata mara moja. Nilipopiga simu kwenye kampuni iliyosimamia mkopo, niliambiwa niendelee hivyo hivyo, niko sawa. Mwaka 2014 mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza, "Dada, mikopo yako ni Direct?" Nikaangalia. Miaka mitano ya kulipa, na hakuna hata mwezi mmoja uliohesabiwa.

Jioni ile nililia ndani ya gari. Kesho yake niliomba kuiunganisha mikopo yote kuwa Direct, nikaanza kuhesabu upya, moja. Kilichoniokoa ni nafuu ya muda iliyotangazwa Oktoba 2021 na kufungwa tarehe 31 Oktoba 2022, iliyoruhusu marejesho ya zamani ya watu kama mimi kuhesabiwa. Deni langu lilifutwa mwaka 2022. Nafuu ile imekwisha, kwa hiyo msiitegemee. Fungueni akaunti zenu za StudentAid.gov, tovuti ya serikali kuu ya mikopo ya wanafunzi, na msome jina la kila mkopo, neno kwa neno. Kisha kila mwaka, na kila mnapobadili ofisi, jazeni fomu ya kuthibitisha ajira na mwajiri aisaini. Ukisubiri mwaka wa kumi, aliyekuwa bosi wako huenda amestaafu, na kumbukumbu hazijulikani ziko wapi. Kila jibu la kampuni inayosimamia mkopo liombeni kwa maandishi. Sisi ni mawakili, tunajua neno la simu lina thamani gani mbele ya hakimu.

Mwajiri naye achunguzwe. Ofisi ya kaunti, ya jimbo au ya serikali kuu kwa kawaida inastahili. Shirika lisilo la faida lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani lililosamehewa kodi kwa kifungu hicho cha sheria, kwa kawaida linastahili pia, na hilo ni muhimu kwa walio New York City, ambako sehemu kubwa ya utetezi wa wasio na uwezo hufanywa na mashirika ya namna hiyo. Lakini wakili binafsi anayepangiwa kesi moja moja na mahakama kwa kawaida si mwajiriwa wa umma, hata kama wateja wake ni wale wale. Ulizeni kabla ya kusaini mkataba.

Halafu kuna mpango wa John R. Justice, uliopewa jina la mwendesha mashtaka wa South Carolina, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Huu ni wetu hasa, waendesha mashtaka na watetezi. Kila jimbo linapewa fedha na kuzigawa nusu kwa nusu kati ya pande mbili. Nikiri nilifurahi kugundua kwamba kijana aliyesimama kinyume nami mahakamani kila Jumatatu alikuwa anajaza fomu ile ile usiku. Kwa sheria, kikomo ni dola 10,000 kwa mwaka na 60,000 kwa jumla, ila fedha inayotengwa ni kidogo mno, na wengi hupata pungufu sana ya hapo. Inalipwa moja kwa moja kwenye mkopo. Unasaini kuitumikia kazi hiyo miaka mitatu, na ukiondoka mapema unazirudisha. Waendesha mashtaka wa serikali kuu hawamo. Watetezi wa serikali kuu wamo. Kwa maoni yangu, anayeelekea PSLF na analipa kidogo kwa mwezi asijifunge miaka mitatu kwa dola chache bila kupiga hesabu, maana huenda anapunguza deni ambalo lingefutwa. Kwa asiye na hakika ya kukaa miaka kumi, fedha hiyo ina maana zaidi.

Ukiwa kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato, rejesho la mwezi linapangwa kwa kipato chako. Ukiwa na mume au mke anayelipwa vizuri, kufaili kodi kila mmoja peke yake kunaweza kushusha rejesho, lakini kunaweza kupandisha kodi, kwa hiyo pigeni hesabu zote mbili. Fomula haihesabu pesa mnazotuma nyumbani. Ada ya mdogo wako Bukavu au dawa za mama Kakamega hazimo humo, basi muwaambie wazee ukweli wa mshahara mapema.

Na kwa mdogo wenu anayejiandaa kuingia shule ya sheria: kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu, haupo tena, na mkopo wa serikali kuu kwa fani kama sheria una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Benki zitakuja kujaza pengo. Mkopo wa benki hauingii PSLF wala John R. Justice, hata ukitetea watu miaka thelathini. Akiulize kila chuo, kabla hajakubali nafasi, kama kina mfuko wake wa kuwalipia wahitimu waliochagua utumishi wa umma, unalipa mpaka kipato gani, na kwa miaka mingapi. Vyuo vingine vinao, na tofauti kati yao inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya ada.