Kwa nini jedwali la elementi huitwa "radidia"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu anasoma kemia, na kitabuni amekuta "jedwali radidia la elementi". Mimi nimezoea kusikia "jedwali la vipindi". Lipi sahihi? Na safu zake tuziiteje?

JIBU: Marahaba. Yote mawili yanatumika, ila mimi nashika "radidia", na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Kuradidi ni kurudiarudia. Kwenye sarufi, tunapotoa "pigapiga" kutokana na "piga", huo huitwa uradidi.

Elementi nazo hufanya hivyohivyo. Chukua lithiamu, namba 3 kwenye jedwali: metali laini, kisu huikata, na ikitiwa majini hutoa haidrojeni. Hesabu nane mbele, unafika namba 11, sodiamu: laini vilevile, na majini ina vurugu zaidi. Hesabu nane tena, namba 19, potasiamu: tabia ileile, kali kuwashinda wenzake wawili. Tabia imepotea njiani, kisha imerudi. (Huko chini mzunguko hurefuka, huwa 18, halafu 32, lakini kurudi hurudi.) Dmitri Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, aliuamini mrudio huo kiasi kwamba mwaka 1869, alipozipanga elementi 63 zilizojulikana wakati ule, aliacha nafasi tupu kwa ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, gerimaniamu 1886, kila moja ikaingia kwenye nafasi yake. Yeye alipanga kwa uzito wa atomi. Leo tunapanga kwa namba atomia, yaani idadi ya protoni (chembe zilizo ndani ya kiini cha atomi), na elementi zimefika 118.

"Jedwali la vipindi" si kosa, ila neno "kipindi" humpeleka msomaji kwenye muda: kipindi cha mvua, kipindi cha redio. Mrudio, ambao ndio roho ya jedwali, haumfikii.

Kuhusu safu, hapo pana utata wa kweli. Mmoja akisema "safu" anawaza mstari uliolala, mwingine uliosimama. Sema safumlalo na safuwima, au bora zaidi tumia majina ya wanakemia: safumlalo ni kipindi, nazo ziko 7, safuwima ni kundi, nazo ziko 18. Undugu wa tabia uko kwenye kundi, si kwenye kipindi. Klorini, namba 17, na arigoni, namba 18, zimekaa bega kwa bega katika kipindi kimoja. Klorini huungana na karibu kila inachokutana nacho, arigoni haiungani na kitu kwa urahisi.

Neno "elementi" lenyewe liko katika ngeli ya I-ZI: elementi hii, elementi hizi. Usiseme "maelementi". Basi binti aandike: "Sodiamu ipo katika kundi la 1, kipindi cha 3."